Mapambo ya Krismasi ya mbao: Jinsi ya kujitengenezea vishikizo kwa waya wa bei nafuu

Ukipita kwa wachongaji wa Wamunyu kule Machakos, au Changamwe mjini Mombasa, utakuta si vinyago vikubwa tu. Kuna twiga wa kidole kimoja, malaika, nyota, ndovu aliyeinua mkonga. Haya ni mapambo ya kutundika kwenye mti wa Krismasi, na mengi huishia mikononi mwa watalii au kwenye maduka ya Ulaya na Marekani.

Tatizo ni kishikizo. Mchongaji analipwa kwa kipande, na faida ya kipande kimoja ni ndogo. Akinunua skrubu ndogo zenye kitanzi kichwani kwa kila pambo, faida inapungua. Akifunga uzi ovyo ovyo, pambo linaning'inia upande, au linaanguka na kuvunjika sikio. Mnunuzi hatalaumu uzi, atasema kazi ni mbovu.

Habari njema ni kwamba kishikizo kizuri hakihitaji zaidi ya waya, msumari, plaizi na gundi kidogo.

Waya gani?

Tafuta waya wa unene wa milimita 1 hivi, uliopakwa zinki, ule mweupe. Waya mweusi wa kufungia nondo ni rahisi kupatikana na hupinda vizuri, lakini unashika kutu. Tena chuma kikikutana na unyevu ndani ya mbao yenye tanini nyingi, huacha doa jeusi ambalo msasa hauliondoi kirahisi. Kwa pambo la mbao nyeupe hilo ni hasara kabisa.

Shaba nayo ni nzuri sana. Vipande vya nyaya za umeme vinavyobaki kwa fundi wa nyumba vinafaa, ukishachuna plastiki kwa kisu. Usichome moto kuondoa plastiki hiyo, moshi wake ni sumu.

Tupige hesabu. Kitanzi kimoja kinakula sentimita 6 za waya, na kulabu yake sentimita 8. Jumla 14. Kilo moja ya waya wa chuma wa milimita 1 ina urefu wa mita 160 hivi, kwa hiyo unapata vishikizo zaidi ya 1,100. Hata ukiharibu mia moja ukijifunza, bado umeokoa pesa nyingi.

Kitanzi

Pigilia msumari wa inchi mbili kwenye ubao, ukiacha nusu yake nje. Kunja kipande cha waya katikati, kizungushe kwenye msumari, kisha shika ncha zote mbili kwa plaizi na usokote. Mizunguko mitano au sita inatosha. Ukisokota kupita kiasi waya unakatika, hasa wa shaba. Kata mkia ubaki sentimita moja.

Mkia huo uliosokotwa una unene wa milimita 2 hivi, na hapo ndipo spoki ya baiskeli inapoingia. Spoki nyingi zina unene huohuo. Kata kipande cha spoki, ponda ncha yake kwa nyundo iwe bapa, kisha inoe pande mbili kwa tupa. Umepata kekee ya tundu dogo bila kununua. Ncha bapa huwa pana kuliko spoki yenyewe, basi ipunguze kwa tupa hadi mkia wa waya uingie kwa kubana kidogo.

Toboa kina cha sentimita moja, tia tone la gundi ya mbao, sukuma mkia ndani na uache hadi kesho yake. Usijaribu kupigilia waya bila kutoboa, mbao ndogo hupasuka. Na mbao iwe imekauka. Ukifunga kishikizo kwenye mbao mbichi, ikikauka itasinyaa, ufa unaweza kutokea palepale kwenye tundu, na kitanzi kitachomoka.

Tundu likae wapi?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Twiga anatobolewa kichwani kwa sababu kichwa ndicho kilicho juu. Lakini uzito wake uko kiwiliwilini, kwa hiyo ukimtundika kwa kichwa miguu yote inaelekea pembeni, kama mtu aliyeshikwa shati shingoni.

Kabla ya kutoboa, mfunge kwa uzi mwembamba kiwiliwilini na umuinue. Sogeza uzi mbele na nyuma mpaka asimame sawa. Weka alama mgongoni penye uzi huo. Inachukua nusu dakika. Kwa mapambo ishirini yanayofanana, pima matatu, mengine yatafuata.

Vitu bapa kama nyota na samaki hutobolewa kutoka upande mmoja hadi wa pili, karibu na ukingo wa juu. Acha angalau milimita 5 kutoka ukingoni. Angalia pia nyuzi za mbao zinaelekea wapi: palipo na nyuzi fupi, kama kwenye sikio au ncha ya bawa, patamegeka tu, siku yoyote.

Kulabu

Kulabu ni waya uliopindwa kama herufi S. Upande mdogo pinda kwenye msumari na uufunge kwenye kitanzi usitoke. Upande mkubwa pinda kwenye kalamu ya wino, uache wazi ili upite kwenye tawi. Waya hurudi nyuma kidogo ukiuachia, kwa hiyo pinda kupita kiasi kidogo. Ncha ya nje ipigwe tupa au ikunjwe kwa ndani. Watoto ndio wanaopamba miti hii, na ncha ya waya inakwaruza kweli.

Kama unatengeneza ya nyumbani tu, mapambo kumi au kumi na tano, huhitaji kilo ya waya. Klipu ya kubania karatasi ukiivuta katikati inakuwa S yenyewe.

Au tumia kamba. Katani inapendeza kwenye mbao ambayo haijapakwa rangi. Kata sentimita 20, funga fundo, pitisha kwenye kitanzi kisha ndani ya kamba yenyewe na uvute. Fundi cherehani naye ana vipande vya kitenge anavyotupa kila siku. Ila vifue kwanza, kitenge kipya kikilowa huchuja rangi na kuchafua mbao.

Kabla ya kufungasha, shika kila pambo kwa kishikizo chake na ulitikise kwa nguvu. Linalochomoka mkononi mwako unalirekebisha kwa tone la gundi, linalochomoka kwa mnunuzi limeshaharibu jina lako. Kulabu zifungwe kwenye mfuko wa peke yake, kwa sababu zikisafiri zikiwa kwenye mapambo zitakwaruza mbao uliyoipiga msasa siku nzima. Wanaolenga wanunuzi wa nje waanze mapema, maana mzigo wa meli wa Krismasi huondoka miezi kadhaa kabla ya Desemba.