Kubadilisha Kipozaji cha Injini Nyumbani: Jina, Kazi na Hatua Zake

Utangulizi

Mafundi wa jua kali hukiita kulanti. Madereva wengi hukiita maji ya rejeta. Kiingereza nacho kina jina jingine ambalo, likifasiriwa, ni kizuia-kuganda. Majina haya matatu hurejelea kiowevu kimoja, lakini hayamfunzi msikilizaji jambo moja. Makala haya yanatumia istilahi kipozaji, inayotokana na kitenzi poa: kitenzi hicho kikinyambuliwa katika kauli ya kusababisha huwa poza, kisha hupata viambishi vya kuunda nomino. Lengo ni kueleza kazi ya kipozaji na namna kinavyoweza kubadilishwa nyumbani bila kudhuru mtu wala gari.

Jina linalopotosha

Dereva wa Nairobi au Kisumu anayesikia kwamba kiowevu hiki huzuia kuganda huona hakimhusu, kwa kuwa kwao hakuna theluji. Basi hujaza rejeta maji ya mfereji na kwenda zake. Hoja yake ingekuwa sahihi iwapo kuzuia kuganda ndiyo kazi ya pekee ya kiowevu hiki. Sivyo ilivyo.

Kipozaji cha kawaida ni mchanganyiko wa maji, glikoli na dawa za kuzuia kutu. Glikoli hupandisha kiwango cha joto ambacho mchanganyiko huanza kuchemka. Jijini Nairobi, kwa sababu ya mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka yanapokaribia nyuzi 94 za Selsiasi, si 100. Mchanganyiko wa nusu maji na nusu glikoli, ukipimwa katika usawa wa bahari, huchemka karibu nyuzi 107. Mfuniko wa rejeta nao huongeza shinikizo ndani ya mfumo na kukipandisha kiwango hicho zaidi. Gari linalopanda mteremko mkali likiwa na mzigo huihitaji akiba hiyo.

Dawa za kuzuia kutu ni muhimu vivyo hivyo. Maji matupu hula chuma na alumini, na maji ya visima yenye chumvi huacha magamba katika mirija myembamba ya rejeta. Dawa hizi huisha nguvu kadiri muda unavyopita, hata kama kiowevu hakijapungua. Ndiyo maana kuongeza tu hakutoshi, sharti kibadilishwe. Baadhi ya vipozaji hudumu takriban miaka miwili, vingine mitano au zaidi. Kitabu cha gari ndicho kinachofaa kufuatwa.

Hatua za kufuata

Kwanza, gari liegeshwe mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, ufunguo utolewe, na injini iachwe ipoe kabisa, ikiwezekana usiku kucha. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe kamwe injini ikiwa moto. Kiowevu kilichobanwa na shinikizo hulipuka kikawa mvuke punde kinapopata upenyo, na huunguza uso na mikono. Hata injini ikiwa imepoa, mfuniko ufunikwe kitambaa kizito na uzungushwe polepole.

Pili, beseni liwekwe chini ya rejeta na kizibo cha chini kilegezwe. Iwapo rejeta haina kizibo, mpira wa chini hufunguliwa. Kiowevu kinachotoka kichunguzwe. Rangi ya kutu huonyesha kwamba kimechelewa kubadilishwa. Mafuta yakionekana ndani yake, huenda gasketi ya silinda imeungua. Hapo kazi ya nyumbani ikome na fundi aitwe.

Tatu, kizibo kifungwe, mfumo ujazwe maji safi, kidhibiti cha hita kiwekwe upande wa joto, na injini iwashwe hadi mpira wa juu wa rejeta upate moto. Hiyo ni dalili kwamba themostati imefunguka na maji yanazunguka kote. Injini ipoe tena, maji yamwagwe, na hatua hii irudiwe hadi yatoke meupe.

Nne, kipozaji kipya kitiwe. Ikumbukwe kwamba maji ya kusafishia hayatoki yote. Mengine husalia ndani ya injini. Kwa hiyo, iwapo mfumo wote hubeba lita 6 na kipozaji ni kile kisichochanganywa, lita 3 za kipozaji hutiwa kwanza, kisha nafasi iliyobaki hujazwa maji yaliyotoneshwa. Aina ya kipozaji iteuliwe kwa kufuata kitabu cha gari, si rangi, kwani watengenezaji hawafuati kanuni moja ya rangi.

Tano, hewa itolewe. Katika magari mengi yenye mfuniko juu ya rejeta, injini huwashwa ikiwa bado baridi, mfuniko ukiwa wazi, na kiowevu huongezwa kadiri mapovu yanavyotoka. Mfuniko hurudishwa kabla joto halijapanda sana. Tangi la akiba nalo lijazwe kati ya alama ya chini na ya juu, kisha kiwango kikaguliwe tena baada ya safari fupi, injini ikiwa imepoa.

Hatari iliyosalia katika beseni

Ethilini glikoli ina ladha tamu, nayo ni sumu inayoharibu figo na inayoweza kuua. Mtoto, mbwa au paka anaweza kuvutwa na utamu huo. Kiowevu kilichotolewa kisiachwe wazi wala kumwagwa mtaroni. Kitiwe katika mtungi wenye kifuniko na maandishi, si katika chupa ya soda, kisha kipelekwe kwenye gereji inayokusanya taka za aina hiyo. Aliyekinywa apelekwe hospitalini mara moja, hata kama bado hajaonyesha dalili yoyote.

Hitimisho

Onyo kuhusu sumu hii aghalabu huchapishwa kwenye chupa kwa lugha ambayo fundi au mlinzi wa nyumba huenda haisomi. Istilahi zinazobaki katika kamusi haziwezi kumwokoa. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeweza kufasiri onyo hilo kwa maneno machache yanayoeleweka anafanya kazi yenye thamani sawa na ya yule anayelegeza kizibo. Wahenga walinena: tahadhari kabla ya hatari. Tahadhari hiyo hufaa pale tu inaposemwa kwa lugha inayosikika.