Baiskeli, Mvua na Kosa la Koti Nene

Safari hii nazungumza na wadogo zangu mliofika Manchester juzi juzi, mkanunua baiskeli, na sasa mnaitazama tu imeegemea ukutani kwa sababu ya mvua.

Kwanza tuwekane sawa. Mvua ya hapa si nyingi kama tunavyoisema. Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, Manchester hupata pungufu ya hapo. Tofauti ni kwamba kwetu masika humwaga yote kwa mkupuo, kisha jua likatoka. Hapa inanyunyiza kidogo kidogo, siku zipatazo 150 kwa mwaka. Ukisubiri ikatike, utamaliza digrii hujatoka chumbani.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa naendesha kutoka Fallowfield hadi maabara, kilomita kama nne, nimevaa jinzi na koti nene la baridi. Nauli ya basi ilikuwa inakula pesa ya chakula, kwa hiyo mjadala haukuwepo. Asubuhi moja ya Novemba, pale Oxford Road, taa ikawa nyekundu. Nikabana breki, vidole havikubana. Vilikuwa vimekufa ganzi. Nilisimama kwa kuburuza miguu, hatua moja tu nyuma ya basi. Jamani, nilitetemeka, na si kwa baridi peke yake.

Nilipovua koti ndipo nikashangaa. Nje lilikuwa limelowa, ndani mvua haikuingia, lakini fulana ilikuwa ya kukamua. Maji yale yalikuwa jasho langu mwenyewe.

Mimi ni mtu wa uhandisi mitambo, joto ndilo ninalolisomea, na bado nilikuwa sijafikiria jambo hili. Maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa. Tena jasho likikauka huondoka na joto la mwili: gramu 100 tu huchukua kama kilojuli 240, joto la kutosha kuchemsha vikombe vitatu vya chai. Mwili ukiona unapoteza joto, hupunguza damu ya kwenda mikononi ili ulinde kifua. Ndiyo maana vidole hutangulia kufa.

Basi, fanyeni hivi. Toka nyumbani ukihisi kibaridi kidogo. Baada ya dakika kumi utakuwa na joto lako. Ukitoka umeshapata joto, utafika umelowa. Usivae pamba karibu na ngozi, maana inashika maji haiachii. Vaa sweta jepesi la sufu, ambalo hata likilowa bado hukupa joto. Kwenye maduka ya mitumba ya hisani yapo kwa bei ndogo. Juu yake koti jembamba la mvua, zipu ifunguliwe kidogo shingoni na kwapani. Jinzi iweke kwenye mfuko wa plastiki, uivae ukifika.

Funga madigadi, mbele na nyuma. Maji mengi yanayolowesha mgongo na miguu hayatoki juu, yanarushwa na magurudumu. Glovu usizionee uchumi, hizo ndizo breki zako. Viatu vikilowa, vijaze magazeti makavu, yatafyonza maji usiku kucha.

Barabarani, breki zinazobana rimu huchelewa kushika zikiwa na maji. Ziguse kidogo mapema zijifute, na uache nafasi kubwa mbele yako. Mistari ya rangi na mifuniko ya chuma huteleza kama sabuni, usikate kona juu yake. Giza likiingia, taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ni sheria, si hiari.

Koti langu nene bado ninalo. Nalivaa nikienda kwa miguu. Kwenye baiskeli, la hasha.

Tuonane barabarani, mikono ikiwa na joto. Wasalaam.