Pikapu Yanywa Petroli: Nani Mwenye Kosa?

Kila aliyepata kufanya kazi katika karakana ya shamba anajua kwamba petroli ikipungua, wa kwanza kuulizwa ni dereva. Injini haiulizwi. Injini haina mshahara wa kukatwa.

Shamba letu la chai lina pikapu moja ya Kimarekani ya mwaka 2004, yenye silinda 8 na usukani wa upande wa kushoto. Iliachwa na mradi mmoja uliokwisha kazi zake hapa nchini. Hubeba mbolea, vipuri, wagonjwa, na asubuhi wachumaji wa majani wa sehemu ya juu ya mlima. Kwa muda mrefu ilitumia lita 16 hivi kwa kilomita 100. Kisha ikapanda hadi lita 19. Bwana msimamizi wa magari akapiga hesabu zake, akaona lita 3 zimepotea katika kila kilomita 100, na akaandika neno moja tu katika ripoti: wizi. Ndugu yetu dereva, mtu wa miaka 11 kazini, akakatwa theluthi ya mshahara mwezi wa kwanza, na mwezi wa pili akakatwa tena.

Tawi letu lilipolishika jambo hili, wengine kati yetu walitaka twende moja kwa moja kwa ofisa wa kazi. Wazee wa karakana wakasema tungoje kidogo. Tukienda mikono mitupu, yatakuwa maneno ya dereva dhidi ya hesabu za ofisi, na sote twajua lipi husadikiwa. Heri tuipime injini yenyewe kwanza.

Kwa wenzetu wa viwandani wasioshughulika na magari, tueleze kidogo. Petroli haiungui peke yake. Huungua pamoja na hewa. Ili kilo 1 ya petroli iungue yote pasibaki kitu, yatakiwa kilo 14.7 za hewa. Petroli ikizidi, twasema mchanganyiko ni mzito: moshi huwa mweusi, plagi hushika masizi, na mafuta hutoka kwa nyuma bila kufanya kazi. Hewa ikizidi, mchanganyiko ni mwepesi, na injini iliyobeba mzigo huweza kuungua vichwa vya pistoni. Zamani fundi wa kabureta aliyajua haya kwa pua, kwa sikio na kwa rangi ya plagi. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kompyuta ya injini, sanduku dogo la chuma lililofungwa karibu na betri.

Kompyuta hiyo ina pua yake. Ni sensa ya oksijeni iliyokazwa katika bomba la moshi, ambayo kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliitengeneza na magari ya Volvo yakaanza kuitumia mwaka 1976. Sensa hiyo ya kawaida hujua mambo mawili tu. Mchanganyiko ukiwa mzito hutoa karibu volti 0.9, ukiwa mwepesi hutoa 0.1. Ni kama mtu anayejibu ndiyo au siyo, lakini ukimwuliza ni kiasi gani, hana jibu. Kompyuta huongeza na kupunguza petroli mara kwa mara kwa kufuata ndiyo na siyo hizo, na hivyo hukaa karibu na 14.7.

Sensa pana ni nyingine. Nayo ni ya udongo maalumu uliochomwa, yenye hita ndani yake inayoufikisha joto la nyuzi 700 na zaidi, na ina chumba kidogo ambamo umeme husukuma oksijeni kuingia au kutoka. Kiasi cha umeme kinachohitajika kusukuma ndicho kipimo. Kwa hiyo haisemi ndiyo au siyo, yasema 12.5, au 13.8, au 15.2. Wamarekani wanaopenda kutengeneza pikapu zao nyumbani wameitumia sana, na ndio waliozoea njia tuliyoifuata sisi: kuyapitisha masomo yake katika kompyuta ya injini yenyewe, ili yaandikwe katika kumbukumbu moja pamoja na mwendo, mzigo na petroli.

Sensa na saa yake tuliazimwa na mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi, pamoja na kompyuta ndogo ya kukunja na waya wa kuunganishia. Tukachomea nati ya milimita 18 katika bomba la upande wa kushoto, nyuma ya sensa ya kawaida, tukailaza ili ncha ya sensa ielekee chini. Maji yanayokaa ndani ya bomba asubuhi huupasua ule udongo uliopata moto. Na yeyote atakayejaribu asiiache sensa hii ndani ya bomba bila umeme huku injini inanguruma, masizi huiua. Petroli yenye risasi nayo ingeiua, lakini nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ziliiacha petroli hiyo kufikia mwaka 2006, basi hapo hatukuwa na wasiwasi.

Taabu ilikuwa kwamba kompyuta ya pikapu ile haina mlango wa sensa pana. Mtengenezaji hakuwazia kwamba kuna mtu atataka kujua zaidi ya ndiyo na siyo. Ikabidi tutafute mlango mwingine unaopokea volti 0 hadi 5, tukapata ule wa kupima mgandamizo wa gesi ya kiyoyozi. Kiyoyozi kilikuwa kimekufa siku nyingi, hakuna aliyekililia. Tukaung'oa waya wa alama, tukafunga wa kwetu mahali pake. Kompyuta ikaendelea kudhani inapima gesi, kumbe inapima moshi. Saa yetu hutoa volti kwa hesabu rahisi: zidisha volti kwa 2, ongeza 10. Volti 2.35 ni 14.7. Hesabu hiyo tuliiandika katika programu, na masomo yakatoka yakiwa yamekwisha badilishwa.

Siku ya kwanza tuliaibika. Saa iliyokuwa mbele ya dereva ilisema 14.7, na kumbukumbu ikasema 15.1. Msimamizi alikuwapo, akacheka. Tulihangaika hadi jioni. Kosa lilikuwa letu: waya wa ati wa saa tulikuwa tumeufunga kwenye bodi, ilhali kompyuta ina ati yake kwenye injini. Hita ya sensa hula umeme mwingi, na umeme huo ukipita katika waya mwembamba na bodi yenye kutu huinua ati kwa sehemu ndogo ya volti. Sehemu ya 0.2 tu yatosha kuleta kosa la 0.4. Tukauhamisha waya hadi mahali kompyuta inapofungwa ati yake, na masomo mawili yakawa sawa. Twayataja haya kwa sababu anayeleta kumbukumbu mbele ya mwajiri lazima awe ameikagua mwenyewe kwanza. Kumbukumbu yenye kosa ingemwumiza ndugu yetu zaidi kuliko kutokuwa nayo.

Jambo lingine: magari ya aina ile huongea polepole katika ile soketi ya matundu 16 iliyo chini ya dashibodi, soketi ambayo sheria ya Marekani iliilazimisha kwa magari madogo tangu mwaka 1996. Ukiuliza vitu 30 kwa mara moja, majibu hukufikia yamechelewa. Sisi tuliuliza 7 tu.

Asubuhi iliyofuata pikapu ikapanda mlima na mzigo wa mbolea, dereva usukanini, mmoja wetu na kompyuta mapajani, na karani wa msimamizi amekaa nyuma kama shahidi wa ofisi. Njia ya tambarare, mwendo wa kawaida: 14.7. Tena 14.7. Karani alipoona hivyo alisema injini ni nzima, basi mafuta yanakunywa mtu. Na kweli, kama tungekuwa na ile saa peke yake, kesi ingekwishia pale, na dereva angeshindwa kwa kipimo tulichokileta wenyewe.

Lakini kumbukumbu ilikuwa na safu nyingine. Kompyuta ya injini huandika imeongeza au imepunguza petroli kiasi gani ili kuifikia ile 14.7. Upande wa kulia ilikuwa imeongeza asilimia 2. Upande wa kushoto, asilimia 18. Injini moja, petroli ya tangi moja, hewa ya chujio moja. Kwa nini upande mmoja udai zaidi?

Kisha tukafika kwenye kona za mlima, dereva akakanyaga. Hapo kompyuta huacha kuisikiliza sensa yake na kumwaga petroli ya nguvu kwa makadirio, karibu 12.5, lakini ile nyongeza iliyojifunza njiani hubaki nayo. Sensa yetu ikaonyesha 10.7. Moshi mweusi ukatoka hata karani akaziba pua.

Tulirudi tukafungua boneti. Mzee mmoja wa karakana hakuhitaji kompyuta tena. Alichukua kurunzi, akamulika nyuma kabisa ya manifodi ya kushoto, penye silinda ya 7, na pale palikuwa na alama ya masizi kama ulimi. Bolti ya mwisho ilikuwa imekatika kichwa. Manifodi ilikuwa imeachana na injini kwa upana wa ukucha. Moshi hutoka kwa mapigo, na katikati ya pigo na pigo bomba huvuta hewa ya nje kupitia ufa huo. Hewa hiyo ikifika kwenye sensa, sensa husema mwepesi, na kompyuta humwaga petroli. Sensa yetu pana, kwa kuwa nayo ilikuwa nyuma ya ufa, ilidanganywa vilevile. Ndiyo sababu ilisema 14.7 kwa utulivu wote. Mlimani, moshi ulipokuwa mwingi na mgandamizo mkubwa, hewa ya nje haikupata nafasi ya kuingia, na ukweli ukaonekana.

Sasa lipo jambo lililotukasirisha. Bolti hiyo ikikatika, injini hulia tiki-tiki asubuhi ikiwa baridi, na ikipata moto hunyamaza. Tukaomba daftari la safari la pikapu. Mara 3, kwa mkono wa dereva, imeandikwa: injini yalia upande wa kushoto ikiwashwa asubuhi. Mara ya kwanza ni wiki 5 kabla ya mshahara wake kukatwa. Hakuna saini ya aliyesoma. Na wachumaji wa majani waliopandishwa nyuma walikuwa wamelalamika kwa nyapara juu ya harufu ya moshi, wakaambiwa atakaye hewa safi atembee kwa miguu. Mchanganyiko mzito hutoa monoksidi ya kaboni, sumu isiyo na rangi wala harufu, iuayo watu katika karakana zilizofungwa milango. Akina mama wale walipandishwa nyuma ya injini ya namna hiyo kwa muda usiopungua miezi 3.

Kutoa kipande cha bolti kilichobaki kulichukua siku nzima. Bolti mpya na gasketi gharama yake haikufika nusu ya alichokatwa dereva kwa mwezi mmoja. Baada ya kazi tuliendesha njia ileile na mzigo uleule: nyongeza ya kushoto ikashuka hadi asilimia 3, mlimani ikasoma 12.4, na baada ya wiki 2 matumizi yakawa lita 16.5. Hiyo nusu lita iliyobaki msimamizi bado aizungumzia. Tumemwonyesha matairi.

Tulichapa kumbukumbu zote mbili, ya kabla na ya baada, nakala 3: moja ya ofisi, moja ya dereva, moja ya tawi. Makato ya mwezi wa pili yamerudishwa. Ya mwezi wa kwanza ofisi yasema vitabu vilikwisha fungwa, na suala hilo sasa liko mbele ya ofisa wa kazi wa wilaya, pamoja na ukurasa wa daftari la safari na ile bolti iliyokatika, tuliyoitia katika bahasha. Sensa tumemrudishia mwalimu. Nati ingali kwenye bomba, imezibwa kwa plagi ya chuma, na daftari la safari sasa lina safu ya saini ya msimamizi kila jioni.