Jiwe la Tochi na Ardhi ya Katanga

Mtu asimamaye mbele ya meza ya mchuuzi katika Soko la Kenya, hapa Lubumbashi, akiwa na jozi ya betri mkononi na shaka moyoni, ni nadra kukumbuka ya kuwa vitu vingi vilivyomo ndani ya betri vina jamaa zao katika ardhi ya Katanga. Zinki, ambayo ndiyo kopo la betri ya kawaida, iko Kipushi, mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka mjini, katika mgodi uliofungwa mwaka 1993 na kufufuliwa mwaka 2024. Manganizi, ule unga mweusi wa ndani, ilichimbwa Kisenge na kusafirishwa kwa reli ya Benguela hadi bandari ya Lobito, mpaka vita vya Angola vilipoikata njia hiyo mwaka 1975. Kobalti hutoka Kolwezi, na nchi hii peke yake hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Na lithiamu imelala Manono. Ajabu basi ni kwamba sisi majirani wa hazina hizo twahadaika upesi zinaporejea kwetu zikiwa bidhaa, zimevikwa karatasi za rangi.

Kaida ya kwanza ya kuepuka hadaa hiyo ni hii: betri huchaguliwa kwa ulaji wa chombo, si kwa bei yake. Saa ya ukutani hula kidogo kidogo kama mgonjwa, ilhali tochi yenye mwanga mkali hula kama mchimbaji aliyetoka shimoni. Na kwa hiyo betri rahisi, ambayo Lubumbashi twaiita pile na watu wa pwani huiita jiwe la tochi, yaifaa saa mwaka mzima lakini katika tochi hufa baada ya siku chache. Fauka ya hayo, kopo lake la zinki ndilo hilo hilo linaloliwa na kazi, hata likatoboka na kuvuja, likaharibu chombo kilichosahauliwa kabatini. Amma redio isiyotumika, heri itolewe betri zake mapema.

Alama za kutofautisha zimeandikwa ubavuni, nazo hazihitaji elimu kubwa. R20 ni ile nene ya redio, R6 ni ya ukubwa wa kidole, na R03 ni nyembamba zaidi. Herufi R ikiwa peke yake, betri ni ile rahisi; ikitanguliwa na L, yaani LR6, ni ya alkalini, ambayo katika chombo chenye njaa hudumu mara kadhaa kuliko ndugu yake; na ikitanguliwa na H, yaani HR6, ni ya nikeli, ambayo nguvu yake ni volti 1.2 badala ya 1.5, lakini hujazwa umeme mara mamia. Kwa nyumba ambayo umeme hukatika jioni na tochi huwashwa kila siku, hiyo ya mwisho, ijapokuwa ghali siku ya kununuliwa, ndiyo rahisi mwisho wa mwaka. Asithubutu mtu kuijaza umeme ile ya R au ya LR, wala asichanganye kuukuu na mpya, kwani dhaifu hulazimishwa kupita uwezo wake nayo ikavuja.

Ghiliba kubwa zaidi imo katika betri za lithiamu za tochi na taa za jua, zile ziitwazo 18650, maana unene wake ni milimita 18 na urefu wake milimita 65. Nyingine zimeandikwa mAh 9,900, yaani kipimo cha umeme unaowekwa akiba ndani yake, ilhali iliyo njema ya umbo hilo aghalabu ina kati ya 2,000 na 3,600. Na uongo huo hufichuliwa na uzito, kwa sababu betri ya kweli hukaribia gramu 45 au zaidi, na ya hadaa ni nyepesi mithili ya ganda tupu. Watu wa Katanga wamezoea kutomwamini mnunuzi wa madini mpaka mizani iseme. Basi wasione haya kumwomba sonara mizani yake ndogo, madini yale yale yanaporudi kwao yakiwa betri.