Tumbo Lililopunguzwa

Puto lililoanza kutiwa tumboni mwa watu wanene huko Mloganzila, Dar es Salaam, mwaka 2022, huweza kutolewa. Tumbo lililokatwa kwa upasuaji halirudi. Mkazi wa Shinyanga aliyekatwa hivyo hubaki na mfuko mwembamba kama ndizi. Robo tatu au zaidi huondolewa, pamoja na sehemu itoayo kwa wingi grelini, homoni iamshayo njaa. Kwa hiyo hamu yenyewe hupungua, si nafasi tu. Michembe, chakula kitamu kweli lakini wanga karibu mtupu, humjaza kabla hajapata protini. Hana budi kutanguliza dagaa au maharage, na maji kuyanywa baadaye. Uzito hushuka upesi mwaka wa kwanza, kisha huweza kurudi, kwani mfuko hutanuka. Vitamini B12 ikikosekana, damu hupungua na miguu hufa ganzi.