Mercedes SL ya zamani: Mnunuzi wa Kampala aanze na karatasi, rangi baadaye

Gari la wazi la viti viwili aina ya Mercedes-Benz SL bado linavuta macho ya watu mjini Kampala. Lakini sheria iliyopitishwa Uganda mwaka 2018 imebadilisha kabisa namna ya kulinunua.

Sheria hiyo inakataza kuingiza nchini gari lililofikisha miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Kwa hiyo SL za zamani zinazoweza kuuzwa kihalali ni zile zilizokwisha kusajiliwa Uganda. Idadi yao haiongezeki, na muuzaji analijua hilo anapotaja bei.

Kwa nini linapendwa?

Toleo linalojulikana zaidi ni R107, lililotengenezwa Ujerumani kuanzia mwaka 1971 hadi 1989. Zaidi ya magari 237,000 yaliundwa. Kwa sababu hiyo vipuri bado vinapatikana, na Mercedes-Benz yenyewe ina kituo cha magari yake ya zamani huko Fellbach tangu mwaka 1993.

Hata hivyo, kupatikana Ujerumani si kupatikana Kampala. Soko la Kisekka limejaa zaidi vipuri vya magari ya Kijapani. Kipuri cha SL mara nyingi huagizwa nje, na mnunuzi hulipia kipuri, usafiri na ushuru.

Mtego wa mpakani

Wapo wanaovutiwa na gari la bei nafuu lenye namba za Kenya au Tanzania. Hapo ndipo fedha hupotea. Kuvuka Busia au Mutukula kwa kibali cha muda si sawa na kusajiliwa Uganda. Gari likibaki nchini huhesabiwa kuwa limeingizwa, na kikomo cha miaka 15 kinalihusu. Kenya nayo ina kikomo cha miaka 8, wakati Tanzania haikatazi bali hutoza kodi ya ziada kwa magari yaliyozeeka.

Anayetaka gari la wazi kutoka nje atafute toleo jipya zaidi. SLK ya kwanza, ya mwaka 1996 hadi 2004, imekwisha kuvuka kikomo. Kwa gari linaloruhusiwa lenye thamani ya dola 10,000 pamoja na bima na usafiri hadi bandarini, hesabu ni hii: ushuru wa forodha asilimia 25 ni dola 2,500, VAT asilimia 18 ni dola 2,250, kodi ya zuio asilimia 6 ni dola 600. Jumla ni dola 5,350, kabla ya tozo nyingine kama ile ya mazingira, na gharama za usajili.

Nini kikaguliwe?

Kwanza, namba ya chesisi na ya injini zilingane na kadi ya gari, na jina la mwenye gari lithibitishwe kwenye sajili. Bila hivyo, usitoe hata malipo ya awali.

Pili, kutu. Inua mazulia, tazama sakafu na sehemu za kuwekea jeki. Rangi mpya inaweza kuficha bodi iliyooza, na kazi ya bodi huweza kuzidi bei ya gari.

Tatu, joto la injini. Jaribu gari jioni, wakati wa foleni, kutoka mzunguko wa Mulago kupitia Kubbiri hadi Kalerwe. Kama rejeta ni mbovu, mshale wa joto utapanda hapo. Matuta ya barabarani nayo yataonyesha kama gari, ambalo liko chini, linagusa ardhi. Msimu wa mvua, epuka Bwaise, ambako maji hufurika.

Nne, turubai la paa. Lifungue na kulifunga mwenyewe, kisha mwagia maji.

Mnunuzi atenge fedha za matengenezo kabla ya kukubaliana bei. Gari lenye karatasi safi na rangi iliyofifia ni afadhali kuliko linalong'aa lakini haliwezi kuandikwa jina lako.