Kamera Mia Tano, Bando Moja

Mechi ya Ligi Kuu ikichezwa Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi mjini Tabora, aliyelipa kiingilio cha kibanda umiza kule Ipuli anaona picha moja tu. Uwanjani kamera ziko kadhaa, na kila kamera ya HD humwaga gigabiti 1.485 kwa sekunde kwenye waya wake kabla picha haijabanwa. Ndani ya gari la matangazo mtu mmoja huchagua ipi iende hewani, zilizobaki zinaishia hapohapo. Hiyo ndiyo njia kongwe kuliko zote ya kupunguza mzigo wa kamera nyingi: kuzitupa. Hakuna anayelalamika, mpaka refa akatae bao na kibanda kizima kidai kuona upande wa pili.

Kwa wingi wa kamera, ni vigumu kuishinda Panoptic Studio ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani: kamera ndogo 480 na za HD 31, zote zikiwakodolea macho watu waliomo ndani ya chumba kimoja. Chuo hicho kilianza mchezo huo mapema. Katikati ya miaka ya 1990 Takeo Kanade na wenzake walikuwa na kuba lenye kamera 51, zikirekodi kwenye mikanda ya video ya kawaida. Januari 2001 utaalamu huo ukahamia kwenye Super Bowl, fainali ya futiboli ya Marekani, ambako kamera zaidi ya 30 ziliuzunguka uwanja.

Rekodi za wingi zinapendeza kusimulia, ila mwenye fedha anaweza kuzivunja wakati wowote. Kazi iko kwingine. Kamera mbili jirani huona karibu kitu kilekile, na mtumaji hulipia picha zote mbili kana kwamba ni mpya.

Kwa ujasiri wa wazo, kikombe nawapa David Slepian na Jack Wolf, kwa hesabu yao ya mwaka 1973. Chukua viongozi wawili wa misafara waliopo Tabora enzi za pembe za ndovu, kila mmoja akimwandikia tajiri yuleyule wa pwani habari za soko lilelile. Barua ina safari ndefu, hivyo kila neno ni mzigo. Mpelelezi Stanley mwaka 1871 alitumia miezi mitatu kutoka Bagamoyo hadi Tabora. Akili ya kawaida inasema wasipokaa pamoja kwanza, watarudia maneno. Slepian na Wolf walithibitisha kwamba si lazima wakutane. Kila mmoja anaweza kufupisha peke yake, na jumla ya barua zao ikawa fupi sawa na ya watu walioshauriana, mradi tajiri azisome zote mbili kwa pamoja na viongozi wajue tangu mwanzo habari zao hufanana kwa kiasi gani. Mwaka 1976 Aaron Wyner na Jacob Ziv walilipeleka wazo hilo kwenye mambo kama picha, ambako kupoteza kidogo kunavumilika. Faida yake kwa kamera yenye betri ndogo iko wazi: fikra nzito zinahamia kwa mpokeaji.

Madukani mambo yalikwenda kinyume. Nyongeza ya H.264, kiwango cha kubana video, kwa kamera nyingi, iliyokamilika 2009, inataka mbanaji aone picha zote kwanza, na kwa wastani huokoa takriban robo ya data. Baada ya miaka thelathini na zaidi ya hesabu nzuri namna ile, nilitarajia zaidi.

Nyumbani, rekodi ya upotevu ni ya Serengeti. Kuanzia 2010 mradi wa Snapshot Serengeti ulitega kamera 225 katika kilomita za mraba 1,125. Zilikuwa za picha za mnato, si video, lakini ugonjwa ni uleule. Data zilizotolewa 2015 zilikuwa na mafungu ya picha milioni 1.2, yenye wanyama yalikuwa 322,653. Karibu robo tatu hayakuwa na mnyama, labda nyasi tu zilizotikiswa na upepo. Kadi zilifuatwa kwa gari, kamera moja baada ya nyingine, kisha wakajitolea watu zaidi ya 28,000 kuangalia nani ni nyumbu na nani ni jani.

Anayetuma kidogo kuliko wote alijaribiwa jirani, Grumeti, magharibi mwa Serengeti. TrailGuard, iliyotangazwa mwanzoni mwa 2019, ni kamera inayofichika kirahisi, na ndani yake mna chipu inayoitazama picha kabla haijaondoka. Swala akipita, kimya. Mtu akipita, picha inakwenda kwa askari. Watengenezaji walisema majaribio ya Grumeti yalisaidia kukamata majangili 30, na kwamba betri huweza kudumu mwaka mmoja na nusu.

Ningependa kuiona Ugalla, mkoani kwetu, iliyopandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Ila Slepian na Wolf hawajafika ndani ya kamera hiyo bado, maana kila kamera huamua peke yake. Zikiwa mbili kwenye njia moja ya miombo, jangili mmoja anatumwa mara mbili, na mara zote mbili bando linakatwa.